Mmemfundisha Chochote Kusema "Sitaki"

Ndugu Mkuu wa Kituo,

Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Mimi ni kaka wa yule mwanafunzi wenu mnayemwita kwa jina lake kamili. Sisi nyumbani tunamwita Chochote. Jina hilo alijipatia mwenyewe, tena kwa sifa: toka utotoni ukimwuliza ale nini, avae nini, alale wapi, jibu lilikuwa hilo hilo, "Chochote." Ulemavu wake wa akili haukutusumbua hata siku moja. Majirani walikuwa wakitupongeza kwa malezi.

Tulimleta kwenu ajifunze kufua na kupiga pasi. Ameshajua, ahsanteni, mashati yangu yananyooka mpaka ofisini wananiuliza. Lakini mmemtia na mambo tusiyoyaagiza, nami nayapanga kwa namba usije ukasema nimeandika kwa jazba.

1. Nguo. Mwalimu wenu ana mtindo wa kushika blauzi mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu, kisha anauliza: "Ipi?" Halafu ananyamaza. Anasubiri! Mtu ameajiriwa, anasimama kusubiri jibu kama hana kazi. Matokeo yake, Jumamosi tulikuwa tunakwenda harusini, wifi yake kamtolea gauni la kahawia, lile la shughuli zote, harusi na msiba. Akalitazama, akasema: "Sitaki. La njano." Tukachelewa. Alipendeza, sikatai, lakini kupendeza hakukuwa kwenye ratiba.

2. Jina. Siku hizi ukimwita Chochote haitiki. Mama kaita mpaka sauti imekauka, na mtu yuko pale pale jikoni anasuuza vikombe. Ana miaka thelathini na nne. Mtoto wa umri huo kumpuuza mzazi ni utovu wa adabu.

3. Vikao. Ukoo wetu una utaratibu. Jambo lake lolote tunalikalia kikao. Yeye analeta chai, anatoka, anafunga mlango. Juzi alileta chai, akavuta kiti, akakaa. Mjomba akashindwa kuendelea. Utamjadilije mtu huku anakutazama?

4. Hili wifi yake amelisoma akasema nilitoe, nami nimelitoa. Ndivyo mtu anavyoishi kwa amani.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mmemwuliza anataka kuishi wapi. Nani aliwatuma? Maana amejibu! Anataka kupanga chumba karibu na kituo, yeye na mwenzake wa kupiga pasi, na msaidizi wenu awe anawapitia asubuhi na jioni kuangalia jiko na dawa. Mwisho wa mwezi anahama. Pazia ameshachagua.

Ndugu Mkuu, kuchagua si mchezo. Ni kazi ya wenye akili timamu, na sisi ndio tuna uzoefu. Mjomba alichagua biashara ya kuku, wakafa wote. Mimi nilichagua kiwanja, kikawa njia ya maji. Mvua ikinyesha nakiona kinapita. Kaka yetu mkubwa amechagua wake watatu, na leo anaishi peke yake. Watu waliokosea kiasi hicho ndio wanaofaa kumchagulia mwingine. Yeye hajakosea hata mara moja. Hiyo akili ya kuchagua ataipata wapi? Na akikosea, si atachekwa? Sisi tumeshazoea.

Tena nikuambie ukweli: nikichelewa kurudi, ni yeye anayeniachia taa ya uani ikiwaka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akiondoka nitaumia, na sioni kwa nini niumie mimi kwa sababu mwalimu wenu hajui kunyamaza bila kuuliza kwanza.

Kwa hiyo naomba mwalimu wa "Ipi?" apewe likizo ndefu. Swali la makazi lifutwe, liulizwe upya mbele yetu, na majibu ya kuchagua yawe mawili tu: kwetu, au nyumbani. Hapo achague kwa uhuru wake wote, wala hatutamwingilia.

Nisalimie walimu, wapishi, mlinzi wa getini, na huyo mwenzake wa kupiga pasi, ingawa yeye si kwa moyo mmoja.

Wako mwenye uchungu na shati lililonyooka,

Kaka Mtu

N.B. Baada ya kumaliza barua tumekaa kikao, mlango tumeutia komeo na chai tumejichemshia wenyewe, haikunyweka. Tumeafikiana kwamba badala ya kuvutana na nyinyi, tumnunulie kile kitu anachokipenda kuliko vyote, abaki. Mama akasema sukari. Wifi yake akasema chai yenye sukari huwa anaimwaga. Mjomba akataja gauni la kahawia. Mimi nikawa nangoja mwingine aseme. Nyumba nzima hakuna anayejua anapenda nini. Kwa kuwa nyinyi mna mazoea hayo, tafadhali mwulizeni, mtujulishe kabla ya mwisho wa mwezi. Msimwambie ni sisi tuliouliza.