Nchi Niliyoijua kwa Kalenda

Jumapili, 9 Juni

Tumefika salama. Masanduku manne, yote yapo. Nimeyapima palepale uwanja wa ndege kwa mizani yangu ya mkono. La Shemeji limezidi langu kwa kilo sita. Vitabu vitupu! Mwalimu wa jiografia hata akistaafu hastaafu.

Chumba cha hoteli: mita tatu na nusu kwa mbili na robo tatu. Tangazo lilisema kipana. Nilipoanza kupima bafu, mke wangu alinikumbusha kwamba nimestaafu ukaguzi wa mizani na vipimo tangu mwaka juzi, kwa hiyo niweke futikamba chini nikamsaidie mama yake kufungua sanduku.

Mama Mkwe ametimiza miaka themanini. Wajukuu zake, yaani watoto wetu, walimwuliza anataka zawadi gani. Nilidhani atasema kitenge. Akasema anataka kuiona nchi aliyosoma mkwe wake ujanani. Nilipaliwa na chai. Shemeji, kaka wa mke wangu, akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili hasomi mtu. Sijawahi kukanyaga nchi hii. Kamwe! Miaka thelathini na mbili iliyopita, siku ya posa, marehemu baba mkwe aliniuliza nimeona nini duniani. Wajomba zangu wote wakatazama sakafu. Mezani kwangu ofisini palikuwa na kalenda ya nchi hii, picha kumi na mbili, nilikuwa nimeitazama mwaka mzima. Basi ulimi ukateleza. Nikasema nimeishi huku mwaka mmoja nikisomea mizani. Nimepanda Ngome Kuu. Nimetia sahihi kitabu cha wageni. Wakanipa binti yao.

Kwa hiyo nchi hii naijua kwa miezi. Ngome ni Februari. Daraja la mawe ni Juni. Mnara wa saa ni Oktoba. Mama Mkwe amesema kesho nitangulie mimi mwenyeji, wao watafuata nyuma. Nimemjibu asiwe na wasi.

Jumatatu, 10 Juni

Februari.

Nimewaongoza kifua mbele. Nikafika hasa pale mpiga picha aliposimama. Kona ileile, mnara uleule upande wa kushoto. Moyo ukafurahi! Tukasonga hadi ukutani. Ukuta mtupu. Hakuna lango, hakuna mlango, hakuna hata tundu la paka.

Kalenda haionyeshi upande wa nyuma. Hilo sikulifikiria kwa miaka thelathini na mbili.

Nikapapasa mawe kidogo. Nikasema zamani lango lilikuwa papa hapa, bila shaka wamelihamisha. Shemeji akafungua kitabu chake cha watalii, akalowesha kidole, akasoma kwa sauti ya darasani kwamba lango la Ngome Kuu lina miaka mia sita na halijaguswa. Nikamwambia vitabu navyo huandikwa na binadamu.

Tukazunguka. Hatua elfu moja mia mbili na arobaini, nilizihesabu. Mama Mkwe alipumzika mara nne, juu ya benchi nne tofauti. Hakunung'unika. Alisema tu kwamba usahaulifu ni kawaida kwa watu wa umri wangu. Mimi nina miaka sitini na mbili!

Tulipofika langoni mlinzi alikuwa anafunga. Wote walisikitika. Mimi nilishusha pumzi mpaka vifungo vikalegea.

Jumanne, 11 Juni

Oktoba.

Mnara wa saa ndio hadithi yangu bora. Watoto wetu wamelala kwa hadithi hiyo: kwamba fundi aliyeitengeneza ile saa alikufa saa nne na dakika kumi, na papo hapo mishale ikasimama, haijasogea tena mpaka leo. Kwenye picha ndivyo ilivyo. Saa nne na dakika kumi kamili.

Tumefika saa tano na nusu. Saa ya mnara nayo inasema tano na nusu. Kisha ikagonga! Njiwa wakaruka. Mke wangu akanitazama kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia wagonjwa wanaoficha vidonge chini ya godoro. Miaka yote ya uuguzi, hajalisahau. Nikasema kwa haraka kwamba hongera zao, hatimaye wameitengeneza. Mama Mkwe akauliza kama na fundi naye amefufuka.

Hilo lingetosha kwa siku moja. Lakini wakati wa chakula cha jioni Shemeji akaingia na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Amekwenda ofisi ya watalii, kauliza. Ngome Kuu wana chumba cha kumbukumbu. Vitabu vyote vya wageni vimetunzwa humo, mwaka kwa mwaka, na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba na kusoma. Hata cha mwaka ule wangu. Akasema "mwaka ule wako" mara tatu, akitafuna.

Mama Mkwe akapiga makofi. Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa macho, na madaktari ni madaktari tu, lolote laweza kutokea. Amesema kabla ya siku hiyo anataka ayaone kwa macho yake mwenyewe maandishi ya mwanawe.

Shemeji simwogopi. Namwogopa yule mama anayeniita mwanangu. Aliyeposa kabla yangu alikuwa na duka na pikipiki, mimi nilikuwa na Ngome tu. Ukiiondoa Ngome, mimi ni nani mezani pale? Kijana wa mizani aliyemdanganya mzee wa watu nyumbani kwake. Sina hamu ya kula. Nimekula, lakini bila hamu.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka nimeshika tumbo. Mke wangu akalibonyeza, akatazama ulimi, akatangaza kwamba nimepona. Lakini Mama Mkwe akaingilia kati. Akasema nipumzike, Ngome itasubiri kesho, wao waende darajani. Mungu amzidishie.

Walipotoka nilihesabu hadi mia, nikavaa viatu.

Chumba cha kumbukumbu kiko orofa ya pili ya Ngome. Madirisha membamba, meza ndefu, harufu ya karatasi kuukuu. Mtunza nyaraka ni mama mmoja wa makamo, glavu nyeupe, miwani ya kamba shingoni, sauti ya chini kama yuko msibani. Utaratibu wao ni mkali. Humo ndani ni penseli tu. Kalamu za wino huachwa mlangoni kwenye kisanduku, unapewa namba. Nikatoa kalamu yangu, nikapewa namba nane.

Kalamu ya pili ilikuwa ndani ya soksi. Miaka thelathini nimewakamata wauza nyanya wenye jiwe chini ya sahani ya mizani. Mahali pa kuficha kitu napajua.

Nikaomba kitabu cha mwaka ule. Akakileta kwa mikono miwili, akakilaza juu ya mto kama mtoto mchanga. Nikafunua taratibu. Safu tatu: jina, kazi, maoni. Tarehe 14 Agosti, mstari wa mwisho uko wazi! Mstari mzima, mweupe, unanisubiri tangu ujana wangu.

Simu ikalia mezani kwake. Akageuka. Nikainama kana kwamba soksi inaniwasha, nikaandika kwa kasi. Jina. Kazi. Maoni: Nimependa sana, nitarudi na familia. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nikapuliza wino, nikafunga, nikamshukuru, nikachukua kalamu namba nane, nikatoka.

Wasafiri waliporudi walinikuta kitandani nimejifunika gubigubi. Mke wangu akauliza kwa nini nimelala na viatu. Nikasema baridi.

Ah, raha iliyoje! Wanasema njia ya mwongo fupi. Waliosema hivyo hawakuwa na soksi ndefu.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumeingia wote wanne. Mtunza nyaraka akanitazama kidogo, mimi nikatazama dari. Kitabu kikaletwa. Nikawaambia kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka kwamba ilikuwa Agosti, tarehe kumi na kitu. Shemeji akafunua kwa hamu. Akafika. Uso ukamshuka! Jina langu, waziwazi. Nilitamani kuwa na kamera.

Mama Mkwe akaomba asome mwenyewe. Akavua miwani hii, akavaa ile. Akaweka kidole kwenye mstari. Akasoma polepole, neno kwa neno. Jina langu la kwanza. Jina la baba yangu. Kisha safu ya kazi:

Mkaguzi Mkuu wa Mizani na Vipimo (Mstaafu).



Siwezi kueleza. Mkono wangu umezoea. Kila fomu, kila kadi ya rambirambi, kila daftari la mlangoni, huandika hivyo wenyewe. Mke wangu amenisihi mara ngapi niache ile "Mstaafu". Na nilipaswa kuwa na miaka ishirini na tisa siku hiyo!

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Mtunza nyaraka akamtaka atulie, akachungulia ukurasa, akaona wino. Wino wa bluu, mbichi. Hapo kijasho chembamba kikanitoka. Niliona pingu. Niliona picha yangu gazetini, chini yake imeandikwa mharibifu wa urithi wa taifa.

Sikujitetea. Nikakaa kwenye kiti na kumwambia Mama Mkwe yote. Kalenda, Februari, Oktoba, soksi. Nikamwomba msamaha yeye, na marehemu mzee kaburini, na mke wangu. Nilikuwa na aibu, sina neno lingine.

Mama Mkwe akavua miwani ile, akavaa hii. Akasema kwamba haya anayajua tangu wiki moja baada ya posa. Marehemu alikwenda ofisini kwangu kunichunguza, kama baba yeyote mwenye akili. Mimi nilikuwa nje sokoni kukagua. Akakaa kwenye kiti changu kunisubiri, akaikuta kalenda mezani. Akaifunua mwezi kwa mwezi. Nyumbani alirudi anacheka peke yake njiani, hata majirani wakadhani amelewa.

Nikauliza, kama ni hivyo, kwa nini walinipa binti. Akasema yule wa duka na pikipiki alidanganya vizuri mno. Aliapa hana mke mwingine, wakaamini, mpaka mke mwenyewe alipokuja na watoto wawili. Wakaamua kwamba huyu wa pili anadanganya vibaya, atawafaa. Binti yao akiwa naye, jua halitazama kabla hajajua kila kitu.

Nikamgeukia mke wangu. Akasema alijua. Naye Shemeji, huku anafuta machozi, akasema kila mtu alijua, hata shangazi wa kule mbali. Wamenisikiliza miaka thelathini na mbili! Mnara wa saa, theluji, kila sikukuu! Wakiomba nirudie!

Ningekasirika, lakini hasira haikuja. Kilichokuja ni wepesi. Nilijiona kama mtu aliyebeba gunia safari nzima, akaambiwa liweke chini, nalo tangu mwanzo lilikuwa tupu.

Zilibaki pingu. Mtunza nyaraka akasema kwa sauti ileile ya msibani kwamba vitabu halisi vimefungiwa chini miaka kumi na moja sasa. Hivi vya mezani ni nakala, kwa sababu ya watu kama mimi. Mwaka huu mimi ni wa tisa. Aprili bwana mmoja alijiongeza yeye na mbwa wake. Ana daftari maalumu la wahusika, akaomba nijiandikishe. Kwa penseli. Nilijaza kwa mikono miwili, kwa shukrani. Tulipofika mlangoni mke wangu alirudi ndani kufuta "Mstaafu" niliyoiandika tena.

Ijumaa, 14 Juni

Juni, mwezi na picha.

Nimevuka daraja la mawe nimeshikana mkono na Mama Mkwe, bila kumwongoza mtu yeyote popote. Kalenda haikuonyesha kwamba mto ule una sauti. Haikuonyesha wanaofua mazulia upande wa pili. Sikusema nimeyaona kabla. Ulimi ulikuwa umepumzika, nami nikapumzika nao. Siku tamu kuliko zote.

Mama Mkwe akataka nimsimulie tena habari ya fundi wa saa. Nikamkumbusha kwamba ni uongo. Akasema anajua, lakini nisiifupishe.

Shemeji alitupeleka kwenye kaburi la mfalme kwa kufuata kitabu chake. Limefungwa kwa matengenezo, miaka miwili sasa. Nilipima tu uzio. Mita arobaini.

Mke wangu akauliza kama kuna uongo mwingine uliobaki, niutoe sasa hivi nimalize. Nikaapa hakuna. Baadaye nikakumbuka lile jiwe la kabatini, ambalo watoto wanajua lilitoka ukutani mwa Ngome. Lilitoka nyuma ya ofisi ya mizani. Nimeokota kokoto moja kwenye maegesho ya hoteli. Nitaliweka pembeni yake, yatakuwa mawili, nani atajua lipi ni lipi? Kwa hesabu ya kawaida, nusu ya uongo imekwisha.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika ndani ya ndege. Nina amani. Mimi ni mtu mpya, na nimeandika hivyo hapa ili kuwe na ushahidi.

Jirani wa kiti ni bwana mstaarabu, mwenyekiti wa chama cha wastaafu mji wa pili kutoka kwetu. Wanachama thelathini, Desemba wanakuja huku kuona majengo ya kale. Akaniuliza kama hii ilikuwa safari yangu ya kwanza.

Nikamjibu ya tatu.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka. Akafurahi mno, akaniomba niwe kiongozi wao. Nimekubali. Amesema kinachowasumbua zaidi ni mapango ya kusini, wanasikia mtu hupotea humo asipopata mwenyeji. Nikamwambia nayajua kama kiganja changu.

Mapango ni Novemba. Picha ilipigwa mlangoni, na ndani palikuwa peusi.

Kiti cha nyuma Mama Mkwe amekohoa. Kisha amenyoosha mkono begani kwangu, akanipa kitabu cha watalii cha Shemeji.