Swali la Saba na Mbuzi Wenu

Kwa Waandaaji wa Chemshabongo ya Watumiaji,
Kitengo cha Mafunzo na Burudani.

Waheshimiwa,

Kuna sauti ya mbuzi ambayo haijanitoka masikioni tangu Ijumaa. Ni mbuzi wenu. Mnamfahamu: ndiye mliyemweka kwenye chemshabongo yenu ili alie kila mtumiaji anapokosa jibu. Hakulia kwa njaa wala kwa huzuni. Alilia kama anayecheka, tena kwenye spika kubwa ya ofisi, mbele ya watu wa ghala na watu wa mezani, mara tu nilipojibu swali la saba.

Nawaandikia kwa heshima zote, ingawa nyingine imebidi niiazime.

Mimi ni karani wa anwani katika kampuni ya kupeleka vifurushi. Kampuni yetu imenunua kampuni nyingine ya kazi ileile, na sasa orodha yao ya wateja na yetu zinatakiwa kuwa orodha moja. Kazi hiyo tunaifanya kwa programu yenu. Programu huchukua rekodi za huku na za kule, huzilinganisha, na ikihisi kwamba mteja mmoja ametokea mara mbili, hutuletea kitufe cha kumfanya awe mmoja. Kazi yangu ni kuamua kama kitufe hicho kibonyezwe. Mpaka Ijumaa niliamini naiweza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mzaha. Mlituandikia kwamba chemshabongo hii ni "ya kuchangamsha ubongo na kuburudisha moyo". Moyo wangu haukuomba. Swali la kwanza liliuliza data chafu husafishwa kwa nini: sabuni, maombi au kanuni. La tatu liliuliza safu tupu ikikutana na safu tupu huzaa nini. Watu wazima wenye familia zao walikaa wakabishana juu ya uzazi wa safu. Mkuu wetu wa ghala, tunayemwita Kamanda kwa sababu hata chai huiamuru ipoe, alisisitiza kwamba huzaa safu tupu yenye kiburi. Mbuzi akalia, Kamanda akacheka, yakaisha. Kamanda ana ndoa na ngozi ngumu. Mimi bado sina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

2. Swali la saba lenyewe. Nalinukuu msije mkasema sikulisoma: "Rekodi mbili zina jina moja kamili na tarehe moja ya kuzaliwa, lakini simu tofauti na anwani tofauti. Hawa ni watu wangapi?" Nikajibu: wawili. Mbuzi akalia. Skrini ikaandika: "Pole, rafiki. Ni mmoja, ila ana mambo mengi."

Nani aliwapa ruhusa ya kuandika hivyo? Nyuma yangu watu walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Wala hawakuwa wakilicheka jibu. Kila mtu katika ofisi hii anajua kwamba rekodi mbili za namna hiyo zipo kweli, kwamba zimekaa kwenye kompyuta yangu tangu mwanzo wa mwezi bila kuguswa, na kwamba jina lililomo katika zote mbili ni la mchumba wangu.

Kwa kuwa nyinyi hamtujui, nieleze. Mchumba wangu ni fundi wa lifti. Husafiri sana, maana lifti huharibika kila mahali. Katika orodha yetu anaishi kwenye chumba na sebule karibu na karakana yao, simu yake ni ile ambayo vidole vyangu huipiga vyenyewe, na hupokea vipuri na vitabu. Katika orodha ya kampuni tuliyoinunua, mtu mwenye majina yake yote matatu, aliyezaliwa siku aliyozaliwa yeye, anaishi upande wa pili wa mji katika nyumba yenye geti la kijani, na hupokea nepi. Juzijuzi alipokea kitanda cha mtoto.

Kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, hao ni wawili. Mmoja ni mchumba wangu. Mwingine ni bwana fulani wa geti la kijani, ambaye namtakia mema yeye na mtoto wake.

3. Wasaidizi wenu. Tangu Ijumaa ofisi nzima imekuwa wakala wenu bila mkataba. Anayeongoza ni Mama Pacha, jirani yangu wa dawati, ambaye alizaa mapacha na tangu siku hiyo anajiona mtaalamu wa tarehe za kuzaliwa. Alinieleza, kwa ule upole unaochoma, kwamba mapacha hupata tarehe moja, lakini hata mzazi aliyechoka vipi hawezi kuwapa jina moja. Nikamwambia wazazi wavivu wapo. Hapo akavuta kiti, akafungua kumbukumbu za vifurushi, akanionyesha kwamba wateja wote wawili huagiza viatu namba arobaini na tano, na kwamba wote wawili wakiletewa vya kahawia huvirudisha.

"Mdogo wangu," akasema, "huu mguu ni wa mtu mmoja. Milango ndiyo miwili."

Naomba muutambue udhaifu wa hoja hiyo. Miguu mikubwa ipo tele. Na rangi ya kahawia haimpendezi mtu. Kama kila anayerudisha viatu vya kahawia ni mchumba wangu, basi nina wachumba wa kutosha kufungua chuo.

4. Neno. Hili linauma kuliko yote. Kitufe chenu cha kuzifanya rekodi mbili kuwa moja kimeandikwa "Oanisha". Nimesoma lugha chuo kikuu. Najua kuoanisha ni kulinganisha vitu mpaka vipatane. Lakini ndani ya neno hilo mmemwacha kuoa ameketi wazi, miguu juu ya meza. Aliyewachagulia neno hilo bila shaka hana shangazi. Mimi ninaye. Ndiye aliyenilea, gauni langu liko kwa fundi aliyemtafuta yeye, ukumbi kauchagua yeye, na kila jioni hunipigia kuuliza nimeshindaje. Nami, kwa kuwa sijui kusema uongo, humjibu kwamba nimeshinda nikioanisha watu. Naye huniuliza, na mimi mwenyewe je, tarehe ya harusi si iko palepale?

Kuanzia hapo naanza kuwachukia nyinyi, si yeye.

Hebu fikirini. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta, programu yenu inaniomba nimwoanishe mchumba wangu na bwana wa geti la kijani. Yaani kabla hajanioa mimi.

5. Hatari kwa jamii. Tuseme nimekubali jibu lenu. Mnaona linakotupeleka? Kila mwanamume mwenye simu mbili atakuwa mtu mmoja. Kila mume aliye safarini atagundulika kuwa amefika zamani, amevua viatu, anaangalia taarifa ya habari kwenye sebule nyingine. Hakutakuwa tena na mtu asiyekuwepo mahali. Kila mmoja atakuwepo pale rekodi yake ya pili ilipo. Ndoa zitavunjika kabla ya chai ya asubuhi, na nyinyi mtaita hayo mafanikio ya mfumo. Waheshimiwa, amani ya watu imejengwa juu ya orodha zisizojuana. Ni familia ngapi zinakula chakula cha jioni zikicheka kwa sababu tu kompyuta ya huku haijawahi kusema na kompyuta ya kule? Nyinyi hali hiyo mnaiita "data iliyotawanyika" na kuitangazia dawa kana kwamba ni upele. Mimi naiita ustaarabu.

Kwa hiyo naomba jibu la swali la saba libadilishwe kuwa "wawili", na mbuzi aombe radhi kwa spika ileile. Kitufe kipewe jina lisilo na harusi ndani yake, "Bandika" litatosha. Programu izuiwe kuunganisha wanaume wowote wawili bila idhini ya maandishi ya wachumba wao. Na chemshabongo ijayo iulize mito na milima, kama zinavyouliza chemshabongo za watu wenye adabu.

Najua mtasema ningemuuliza mwenyewe. Nimejaribu. Jumapili alikuwa ameketi mbele yangu akimenya chungwa, ananipa kipande kimoja, anakula kimoja. Mikono yake yote miwili ilikuwa mbele ya macho yangu. Ningeanzia wapi kumuuliza mtu wa namna hiyo kama yupo mwingine kama yeye? Nilikula chungwa.

Nawasalimu nyote: mtunga maswali, mchagua maneno, na fundi aliyemrekodi mbuzi. Mbuzi naye msalimieni, kama hajaliwa. Huku hatujambo. Kamanda anawasalimu. Mama Pacha anawasalimu sana na anaulizia zawadi yake, maana yeye alipata maswali yote.

Ni mimi, ninayetetea utengano wa rekodi,

Karani wa Anwani,
Kampuni ya Vifurushi.

Nyongeza: Nilipoisoma tena barua hii niliona inakosa ushahidi. Nikaamua nimpigie bwana wa geti la kijani kwa simu ya kazini, athibitishe kwa kinywa chake kwamba yeye ni mtu mwingine, nami niambatanishe maelezo yake hapa. Simu ilipokewa na mwanamke. Nyuma yake kulikuwa na mwanamume anamrusha mtoto juu na kumshusha, akimtangazia: tunapanda, ghorofa ya kwanza, tunapanda, ghorofa ya pili. Mtoto anacheka. Sauti hiyo ya kutangaza ghorofa naijua vizuri. Mwanamke akasema, kwa upole, kama watu wanavyosema kwenye simu kila siku:

"Haloo, nani mwenzangu?"

Ni swali jepesi kuliko yote mliyotunga, na hilo nalo nikalikosa. Nikasema ni kampuni ya vifurushi, tunahakiki anwani. Akasema anwani ni sahihi, akanishukuru.

Swali la saba liacheni kama lilivyo. Ni mmoja.

Kitufe nimekibonyeza leo asubuhi. Programu yenu iliniuliza anwani ipi ibaki kuwa ya kudumu. Nikachagua ile yenye geti la kijani. Shangazi nimemwambia amsimamishe fundi wa gauni. Na suti ya bwana harusi, iliyokuwa imefika ghalani kwetu ikisubiri kupelekwa kwenye chumba na sebule, imeondoka na gari la kwanza. Dereva amesharudi. Anasema imepokelewa vizuri, na kwenye nafasi ya uhusiano na mteja, aliyetia sahihi ameandika: mke.