Kabati la Raheli Halina Njaa ya Umeme

Jumatatu, 2 Februari 2004. Korogwe.

Raheli amefika! Mwanangu wa kumzaa mwenyewe, Mzigua wa Handeni, mtaalamu wa kompyuta. Kaja na gari la kampuni yake na kabati zima la chuma. Ndani yake seva kumi na nne, nyembamba, zimechomekwa wima kama vitabu. Seva, kanieleza, ni kompyuta isiyo na kioo inayozihudumia kompyuta nyingine. Nimeelewa mara moja. Darasa la saba la zamani si mchezo.

Kampuni ya mkonge hapa mjini inataka kununua kabati moja, na yameletwa mawili kushindana. Yatapewa kazi ileile siku mbili, kila moja na mita yake. Litakalokula umeme kidogo ndilo litanunuliwa. La Raheli likishinda, anabaki Korogwe kulitunza. Likishindwa, anarudi Dar es Salaam, nami nabaki nikiongea na kuku.

Na kabati la pili la nani? La Mbaruku, mtoto wa Bi Hamisa! Bi Hamisa jirani yangu, Msambaa muuza vitumbua. Ni mtani wangu, sawa, lakini leo kazidi. Kaniuliza mbele za watu kama huyu binti yangu ataolewa na jenereta.

Jumanne, 3 Februari

Raheli kaniambia siri wakati wa kula. Seva zikipata joto, feni zake zinakazana; feni zikikazana, umeme unaliwa. Na kiyoyozi hakuna, maana nacho kinakula.

Nikaacha tonge. Joto? Mimi niliyepikia misiba ya nusu ya Handeni, nifundishwe joto?

Kabati la Mbaruku liko chumba cha nyuma cha ofisi ya mkonge, la Raheli cha mbele. Nimekwenda kwa Hiza, mlinzi, kumwomba niuzie makande pale nyuma. Akashangaa: mama, pale dirishani kwenye jua? Nikamwambia pana kivuli. Kivuli chenyewe cha nguzo ya simu. Nikamwahidi sahani ya bure kila siku. Akakiona kivuli.

Jumatano, 4 Februari

Majiko matatu ya mkaa! Upepo wote unaelekea dirishani. Mungu hamtupi Mzigua.

Jioni mita zimesomwa. Mbaruku uniti thelathini na nane. Raheli ishirini na tisa! Mbaruku anadhani ni joto la Korogwe tu. Bi Hamisa kanuna hadi vitumbua vyake vimeumuka upande mmoja.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeongeza jiko la nne. Nimepepea hadi nyusi zimeungua.

Saa nane mchana dirisha likafunguliwa. Nikajitengeneza nimwone Mbaruku anavyohema. Akatokea Raheli! Jasho linamtiririka. Kaniuliza, mama, unafanya nini hapa? Nikasema biashara.

Kumbe asubuhi wamebadilishana vyumba, kama timu zinavyobadilishana magoli, asionewe mtu! Tangu asubuhi namchoma mwanangu mwenyewe! Nikamwagia majiko maji. Mvuke wote ukaingia dirishani. Raheli akakohoa mpaka nikaona aibu.

Makande nimemwachia Hiza na sufuria lake. Sikula.

Ijumaa, 6 Februari

Meneja, Mzee Kaleb, kasoma matokeo mbele yetu sote. Chumba cha mbele: Raheli ishirini na tisa, Mbaruku thelathini na moja. Chumba cha nyuma, kile tanuri: Mbaruku thelathini na nane, Raheli thelathini na mbili tu! Kasema kwa Korogwe hii inayochemka, wananunua kabati linalovumilia joto.

Raheli anabaki! Nimepiga vigelegele hadi Hiza kaja mbio na rungu. Bi Hamisa kanipa mkono na vitumbua vinne, kasema nyie Wazigua hata mkianguka mnaangukia godoro.

Raheli kanivuta pembeni. Kasema kabati lake liliongoza vyumba vyote viwili, na lingeshinda hata kama mimi ningekaa nyumbani nikasuka ukili. Kaniapisha nisiwashe tena jiko karibu na kazi yake. Nimeapa kwa jina la marehemu mama.

Jumapili, 8 Februari

Handeni nako wanataka kupima makabati wiki ijayo! Raheli ameitwa. Nami naenda, ni kwetu.

Nimefikiri kanisani. Bila majiko yangu, Mzee Kaleb angejuaje kuwa kabati linavumilia joto? Mtoto hajui kushukuru. Namsamehe, bado mdogo.

Kiapo nitakishika. Jiko siwashi. Nimeagiza kwa muuza soda wa Kabuku, kulekule Handeni, yule mwenye friza, mabonge sita ya barafu. Nitayapanga juu ya kabati la Raheli, feni zipumzike kabisa.

Hiza kauliza yakiyeyuka je. Mlinzi, maswali mengi! Yatayeyuka, ndiyo. Kwani umeme wenyewe si unatoka kwenye maji ya Mto Pangani? Ni ndugu hao. Watasalimiana.