Siku Maharage ya Wazima Moto Yalipoungua

Kitendawili, enyi wajukuu mliojaa mkekani: mzee wangu mweusi kakalia moto wala halalamiki, ila tumboni mwake watu wanagombana. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, ni sufuria la maharage, nami nawasimulia vita vyake, ambavyo wafalme wangevisikia wangerudisha panga alani kwa aibu.

Mtaa wetu una wazima moto wa kujitolea, majabali wasiolipwa hata asante. Mpira wao wa maji, mkongwe uliofungwafungwa viraka, huwalowesha wao kwanza, kisha majirani, na moto hupata masazo. Ndipo tukapika uani mwa shule, tuuze sahani, tununue mpira mpya. Sufuria lilikuwa moja, kubwa kama ngome. Likiharibika, nyumba itakayofuata kuungua itazimwa kwa ndoo na dua.

Mkwe wangu, Mama Upawa, jemadari wa majiko, mtiisha vitunguu, alikwenda kuosha mchele, ulinzi akamwachia mumewe, yaani mwanangu, Kapteni wa kikosi, mwenye kofia ya chuma na kitambi cha amani.

Aliporudi, harufu ilimlaki getini. Foleni nzima imeinua pua. Vijana wa kikosi wameshanyanyua ndoo, mmoja kashika mwiko.

"Maji chini," akanguruma Mama Upawa. "Na wewe mwenye mwiko, ukikoroga nakukoroga. Uchungu umelala chini, uacheni ulale."

"Shemeji, sisi tumefunzwa kuwahi."

"Mmefunzwa nyumba. Hiki ni chakula." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba watoto, ulikuwa unaangalia nini?"

Kapteni, aliyewahi kuingia ghala linalowaka akatoka na mbuzi wa watu, akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe ndara.

Basi shujaa akajifunga kibwebwe, akatwaa upawa wake, akaanza kuhamisha jeshi la juu kulipeleka kwenye sufuria la kuazima kwa jirani, pole pole, kama amchukuaye mtoto aliyesinzia, asiguse kitako, asikwaruze, jasho likimtiririka na foleni ikinong'ona kurudi makwao. Alipofika penye weusi akasimama. Waliokufa, akawaacha na mauti yao.

Sahani ya kwanza akampa fundi viatu, mbishi wa mtaa, asiyewahi kusifu hata maziwa ya mamaye. Fundi akatafuna. Akatafuna tena. Mtaa mzima ukatafuna naye kwa macho.

"Mbona mmenipunja?" akasema. "Ongeza."

Foleni ikarudi kwa kishindo! Hata jua halijashuka, sufuria lilikuwa kavu na mpira mpya ni wetu. Na isimuliwe vizazi hata vizazi kwamba mwanamke mmoja, kwa upawa mmoja, aliokoa mtaa mzima bila kukoroga.

Mama Upawa akaliburuta lile sufuria lililoungua, akalitua miguuni pa mumewe pamoja na stilwaya ya kusugulia.

"Sijasahau. Ulikuwa unaangalia nini?"

Kapteni akavua kofia.

"Moto, mke wangu. Ulisema niangalie moto. Haikuruka hata cheche."