Jinsi Nilivyofunga Sinema ya Ackson

Jumamosi, 6 Julai

Nimeshindwa tena. Kila wiki Ackson analetewa filamu mpya mbili kutoka mjini Mansa, kwa minibasi, ndani ya flashi. Moja ya ngumi, moja ya mapenzi. Sinema yake ni mabati na mabenchi tu, lakini ina utaratibu: watazamaji wanainua mikono, filamu yenye mikono mingi ndiyo inaonyeshwa. Na kila wiki Goodson, fundi wa nyavu, mtu mzima mwenye ndevu, anapita sokoni asubuhi kuwashawishi wanawake wanaouza samaki. Leo mapenzi tena. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Cadette, mke wangu.

Nilitazama watu wawili wakizungumza jikoni mpaka mwisho. Goodson alilia. Cadette alilia pia, akatoka amefurahi. Njiani alinishika mkono akanisimulia filamu nzima kana kwamba sikuwepo. Nikamwambia nilisinzia. Akauachia mkono wangu. Heri ningenyamaza.

Jumapili, 7 Julai

Wazo limenijia katikati ya mahubiri. Baada ya ibada nilimvuta kando Mchungaji Mutale, nikamnong'oneza kwamba kwa Ackson kunaonyeshwa filamu za watu kubusiana. Za ngumi sikuzitaja. Mfalme Daudi mwenyewe alipigana. Mchungaji akauliza nimejuaje. Nikasema nimesikia tu. Akanishukuru, akaniita ndugu mwaminifu. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Jumanne, 9 Julai

Mambo yameharibika. Mchungaji alikwenda kwa Ackson pamoja na Sampa, mzee wa kanisa. Hawakutenganisha mapenzi na ngumi. Wamesema zote ni mlango wa shetani. Kumbe kiwanja ni cha kanisa. Hakuna aliyewahi kuniambia. Ackson ametii, amefunga.

Cadette alipita pale akakuta kufuli. Alirudi akakaa kwenye kigoda, kitambaa bado kichwani. Huwa ananiita kwa jina la mtoto wetu, kama kwetu Kongo. "Papa Félix," akasema, "mule ndani njo nilikuwa nasahau Pweto."

Pweto ndiko tulikokimbia vita. Hatupazungumzii. Sikujua kwamba kila Jumamosi alikuwa anaibeba Pweto yake mpaka kwa Ackson, akaiweka chini gizani, akapumzika kidogo.

Akauliza ni mutu gani alisema kwa pasta. Nikajibu kwamba watu wa hapa wana wivu. Nilitamani sana kusema jambo lingine. Ugali ukaletwa, nikala.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata njia ya kurekebisha mambo bila kukiri. Kisiwa cha Chisenga, kule ziwani! Wavuvi wamejaa kambini, kiwanja cha kanisa hakuna. Tutapeleka projekta, jenereta na shuka. Cadette atapata sinema yake, na atakayempa ni mimi. Ackson amekubali, tangu Jumanne anashinda amekaa tu mbele ya kufuli lake.

Tatizo ni boti. Ya karibu ni ya Goodson. Nilikwenda nimejiandaa kubembeleza, hata kusifia filamu za mapenzi ikibidi. Hakunipa nafasi. Alisema kwa heshima yao ya hapa, "Kama ni kwa mama Félix, ba Gauthier, twende." Akaendelea kushona wavu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekataa.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika haraka nisije nikaacha.

Flashi nilibeba mimi. Kulikuwa na filamu zote mbili kwa Ackson, na nilijua safari ni ya nani. Nikachukua ya ngumi. Hata sasa siwezi kueleza. Mtu wa kwanza alipopigwa teke, Cadette alinigeukia, akanitazama, akarudisha macho kwenye shuka.

Halafu upepo ukatoka ziwani. Kamba moja ikakatika. Nikarukia pembe ya shuka nikaishika kwa mikono miwili, na wavuvi wakawa wanatazama ngumi zikipigwa juu ya kifua changu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Cadette naye alicheka. Laiti jioni ingeishia hapo.

Mzee Sampa alikuwa kisiwani kununua samaki. Akasogea kwenye mwanga, akauliza kwa upole: si huyu ndiye ndugu mwaminifu aliyekwenda kwa mchungaji kuzishtaki filamu? Mbona ndiye ameshika shuka? Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuelewa.

Ackson akazima jenereta.

Tukapanda boti kurudi. Baridi ilikuwa kali. Goodson alivua koti lake akampa Cadette. Mimi pia nilikuwa nimevaa koti. Halikunijia akilini. Tulipofika ufukoni, Cadette akasema, "Gauthier." Basi. Jina langu tu, kama anasoma jina la mtu asiyemjua.

Jumatano, 17 Julai

Cadette amekwenda kwa mchungaji peke yake. Ackson ndiye aliyenieleza, maana nyumbani naambiwa tu kwamba chakula kiko tayari. Cadette hakutumia ujanja wowote. Alimwambia, "Pasta, kuya uangalie wewe mwenyewe, kisha ufunge." Mchungaji akaja mchana, akakaa benchi la mbele peke yake. Ackson akamwekea filamu ya baba anayemtafuta binti yake ili amwombe msamaha. Katikati mchungaji alitoa leso, akalalamika kuhusu vumbi.

Sinema imefunguliwa. Sharti ni moja: filamu za ngumi marufuku.

Mimi nilivuka ziwa na jenereta. Cadette alivuka barabara, akaomba.

Jumamosi, 20 Julai

Watu walijaa mpaka nje. Mchungaji na Goodson benchi moja, wote wanafuta macho. Cadette alikaa na wanawake wa samaki. Nilikaa nyuma, kwenye ndoo.

Njiani nikamwomba anisimulie filamu. Akasema, "Si ulikuwa mule?" Tukatembea. Karibu na mlango wetu akaanza, polepole, mwanzo tu, mpaka pale mama wa kijana anapokataa harusi. Yaliyobaki, akasema, kesho, papa Félix. Nikamfungulia mlango. Nimeapa mbele za Mungu kwamba hila zimekwisha.

Ila nimesikia wiki ijayo inakuja filamu ya ngumi ambayo Mansa nzima wanaizungumzia. Mchungaji anakagua majina tu, na jina kwenye flashi linabadilishwa upesi. Nimefikiria "Ndoa ya Upole". Si uongo mtupu; harusi imo, kabla ya mlipuko.

Cadette hatajua ni mimi.