Sura ya Kwanza Inatosha

3 Juni, Jumatatu

Nimerudisha Misingi ya Uhasibu maktaba, nimechukua Misingi ya Umakanika. Sura ya kwanza nimeimaliza pale pale kwenye ngazi. Imetosha! Msingi wa jambo lolote uko sura ya kwanza. Zinazofuata ni waandishi kujaza kurasa tu. Hivyo ndivyo nilivyomaliza umeme, ufugaji wa nyuki, sheria ya mikataba, elimu ya nyota na saikolojia, wenzangu bado wanatafuta kalamu. Mkutubi kaniuliza mbona vitabu ninavyoazima vinarudi siku ile ile. Wivu.

Nyumbani, habari kubwa. Mke wangu amepata kazi ya mapazia ya ukumbi wa chuo. Manane, marefu, rangi ya damu ya mzee, Jumamosi asubuhi yawe yametundikwa. Mkuu wa chuo akiyapenda, atampa na mashuka ya mabweni, kazi ya mwaka mzima. Asipoyapenda, mke wangu anafunga duka letu la chumba cha mbele na kurudi kiwandani, kule alikokuwa akitia vifungo kutwa akiwa amesimama mpaka miguu inavimba. Kasema hayo kwa sauti ya kawaida tu, huku anapima kitambaa. Aliyeumia ni mimi. Nimeapa: kiwandani harudi. Nitamsaidia kwa elimu yangu yote.

Kasema nimsaidie kwa kukaa mbali. Anapenda utani.

4 Juni, Jumanne

Shemeji kaja. Kaka yake mke wangu, fundi wa kutengeneza cherehani, mtu wa kuingia nyumba za watu bila hodi na kufunua masufuria. Cherehani ilikuwa inalia, mke wangu akamwita yeye. Yeye! Mtaalamu wa umakanika yuko humu humu ndani, kakaa kwenye kochi, hakuna hata aliyemtupia jicho.

Katia tone moja la mafuta, kasema basi, isitiwe mengine mpaka kesho kutwa. Kala chakula changu. Kaniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia mimi ni mshauri. Kauliza wa nani. Nikaingia chumbani, nikatoka nimevaa koti langu jeupe la ushauri, kalamu zimejipanga mfukoni. Kacheka mpaka kapaliwa.

Tone moja! Kitabu kimesema waziwazi: adui wa mashine ni msuguano, na dawa ya msuguano ni mafuta. Sasa dawa ipo, mgonjwa yupo, ubahili wa nini? Kesho mke wangu anakwenda kuchukua pete za mapazia. Huyu Tone Moja atanitambua.

5 Juni, Jumatano

Nimetia chupa nzima.

Cherehani imenyamaza kabisa! Mke wangu karudi, kakaa, kakanyaga, kashangaa. Kasema leo inateleza ajabu, huenda kaka yake ana mkono mzuri. Leo nimemwachia shemeji sifa hizo. Siku ya sifa zangu inakuja.

Jioni kaingia jikoni, nami nikapitia kazi. Lahaula! Pazia la mwisho kushonwa lina doa la mafuta upana wa kiganja, karibu na pindo. Nimefuta cherehani, nimelikunja doa kwa ndani, nimelizika pazia chini ya mengine saba. Akanikuta nimesimama nimeegemea rundo lile, akaniuliza nina nini. Nikasema nasikia raha kuona kazi imefika hapa.

Sirudi nyuma. Kila doa lina elimu yake.

6 Juni, Alhamisi

Maktaba ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Misingi ya Kemia. Sura ya kwanza: kadiri dawa inavyokolea, ndivyo inavyofanya kazi upesi. Mke wangu kaenda chuoni kuhakikisha urefu wa madirisha. Nikachukua ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, bila kutia maji hata kidogo. Doa limetoka! Limeondoka na rangi yake. Kwenye pazia kumebaki baka jeupe lenye umbo la kiazi.

Maji yamenifika shingoni. Nimerudi maktaba mbio. Misingi ya Mapambo. Mkutubi kaniomba nisimkaribie, nanukia vibaya. Sijali, kwa maana jibu lilikuwa ukurasa wa kwanza! Alama ikiwa moja ni kasoro. Alama hiyo hiyo ikirudiwa kwa nafasi zilizo sawa ni pambo.

Nikapiga moyo konde. Mapazia saba yaliyobaki, kila moja baka lake, mahali pale pale, kwa rula. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama leo.

Mke wangu kanikuta namalizia la nane. Nilitegemea mayowe. Kaketi kwenye kiti chake cha cherehani, kalivuta pazia moja mapajani, kapitisha kidole juu ya baka.

"Mimi nilichotaka ni kushona nikiwa nimekaa," kasema. "Basi. Sikutaka kingine."

Nimeanza kumweleza kanuni ya kurudia. Sikuimaliza. Nimekwenda jikoni, nimelia. Naandika kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

7 Juni, Ijumaa

Shemeji kaingia, bila hodi kama kawaida. Kakuta mezani vitabu ambavyo wiki hii sijapata nafasi ya kurudisha, kakifungua cha kemia, kaanza kusoma kwa sauti kama anahubiri. Sura ya pili: Makosa ya Wanaoanza. Kosa la kwanza, kumimina dawa kali kwenye kitambaa cha rangi. Kachukua cha umakanika. Sura ya pili, Makosa ya Wanaoanza: mafuta kupita kiasi. Alikuwa anacheka peke yake. Alipomwona dada yake uso ulivyo, kafunga kitabu, kakaa chini, kaanza kumshikia kitambaa.

Mke wangu kapata la kufanya. Kakata chini ya mapazia yote manane, mabaka yakaenda. Sasa mapazia mafupi. Anataka ukanda mweupe wa kuunga chini kurudisha urefu, na mahali pa kupata kitambaa leo hakuna. Kafungua kabati. Mashuka meupe ya kitandani kwetu yote yakapita kwenye mkasi. Yakatosha mapazia saba. Kisha kageuka, kaniangalia kuanzia kola hadi pindo.

"Vua," kasema.

Koti langu! Nimevua. Nimeombwa nishike upande mmoja wakati linakatwa, nimeshika. Hata mfuko wa kalamu haukupona; umeingia kwenye pazia la nane. Usiku huu tunalala kwenye godoro tupu, na mke wangu kanipa mgongo.

8 Juni, Jumamosi

Ukumbini. Mkuu wa chuo kasimama, kaangalia, kaangalia tena. Mke wangu kajishika vidole. Mwishowe mkuu kasema ule ukanda mweupe umeupa ukumbi heshima, nani kaufikiria? Nimeinua mkono. Shemeji kaushusha. Mkuu kauliza mfuko kwenye pazia la nane ni wa nini. Mke wangu, bila kupepesa macho, kamjibu ni wa kuhifadhia kamba. Mkuu kafurahi.

Mashuka ya mabweni ni yake! Kiwandani harudi! Nimeruka mbele za watu, na kweli machozi yamenitoka.

Njiani nimemkumbusha kwamba bila mabaka pasingekuwa na ukanda. Kasimama katikati ya barabara.

"Kitabu kingine kikiingia nyumbani kwangu," kasema, "utasoma sura ya pili. Niahidi."

Nimeahidi, shemeji akiwa shahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

10 Juni, Jumatatu

Mke wangu ana akili sana. Kumbe makosa yote yameandikwa sura ya pili, na miaka yote hii sura ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikinipotezea wakati! Kuanzia leo nasoma ya pili peke yake. Ahadi ni ahadi.

Nimeanza na Misingi ya Mabomba, kwani bomba la jikoni linadondosha na mke wangu hapaswi kusumbuliwa. Yuko chumba cha mbele, amekaa, anashona, robota la kwanza la kitambaa cheupe liko sakafuni kando ya miguu yake. Sura ya pili inaanza hivi: baada ya kufunga maji kama ilivyoelezwa hapo nyuma, fungua koki, uitoe nzima. Hapo nyuma si sehemu yangu. Nimefungua, nimeitoa.

Kuna mtu anapiga hodi. Ajabu, ni shemeji, ambaye hajawahi kupiga hodi tangu nimjue. Anauliza mbona maji yanatoka chini ya mlango.