Nirudishieni Boila Langu Bovu

Nyumba ya mwisho kabla ya kanisa,
Mtaa wa Juu, Cwm Helyg.
Jumanne, baada ya kufua.

Kwa Bwana Rhodri Penry,
Mkuu wa Ofisi ya Nyumba za Bonde.

Bwana Rhodri,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na mkeo, na yule mtoto aliyekuwa akiumwa sikio. Mimi pia sijambo. Ni Novemba, mvua inanyesha kwa pembeni kama kawaida yetu, mlima hauonekani, na mimi hapa sina baridi hata kidogo. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni Eirlys Probert, mpangaji wenu tangu ofisi yenu ikiwa chumba kimoja. Shule niliiacha mapema nikaenda kushona makoti kiwandani, kwa hiyo ukiona pahali panakosa mkato, utie mwenyewe. Marehemu bibi yako Blodwen tulikaa benchi moja kanisani, yeye sauti ya pili, mimi ya kwanza. Nakuandikia wewe kama mkuu, lakini pia kama mtoto wa nyumbani, usije ukanijibu kwa ile karatasi yenu iliyochapwa tayari.

Mafundi wenu walikuja wakang'oa boila langu la zamani, lile la kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, wakaniwekea jipya. Sina neno juu ya mafundi. Walivua viatu mlangoni, walikunywa chai, mmoja alinisaidia kuteremsha kopo la unga kabatini. Boila lenyewe ni jeupe, dogo kama kabati la dawa, na linafanya kazi. Linafanya kazi leo, kesho litafanya, juzi lilifanya. Halikohoi, halivuji, halizimiki. Bwana Rhodri, sijui niliwakosea nini.

Naomba mnirudishie lile bovu. Tena kabla ya Krismasi, maana mambo yakiendelea hivi, mwaka huu mwanangu Geraint hatakuja, na mimi nitakaa mezani na bata mzima nikiongea na simu. Sababu zangu ni hizi, nimezitia namba kama ofisi inavyopenda.

La kwanza, kimya. Boila la zamani lilikuwa likiamka kabla yangu. Linaguna, linapiga bomba mara mbili tatu, halafu linakohoa kile kikohozi kirefu cha watu waliofanya kazi chini ya ardhi. Marehemu mume wangu Ivor alikohoa hivyo hivyo. Walikuwa wakijibizana, yeye kitandani, lenyewe jikoni. Alipotutoka, nikabaki na la jikoni. Hili jipya halisemi kitu. Mara nne tano kwa siku naweka mkono kwenye rejeta za ukutani, yanakopita maji yake ya moto, nijue kama liko hai, na kila mara nakuta liko hai, na hakuna wa kumwambia.

La pili, kabati. Mafundi waliondoa lile tangi kubwa la maji moto lililokuwa kwenye kabati la juu ya ngazi, wakasema boila jipya halihitaji tangi. Sawa, boila halihitaji. Na mimi je? Humo ndimo nilimokausha taulo, fulana za Ivor na nepi za Geraint. Humo unga wa mkate uliumuka hata Januari. Paka wangu Siani amezalia humo mara zote alizozaa. Sasa kabati ni baridi, mafundi wameliita "nafasi ya ziada". Siani anaingia, anazunguka, anatoka, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetia saini. Ni kweli nilitia, lakini mliniambia ni kwa ajili ya boila, hamkutaja kabati.

La tatu ni Dilwyn Bomba. Unamjua, sisi huku hatumwiti mtu kwa jina la baba yake ikiwa ana kazi ya kuitiwa. Dilwyn alikuwa akija majira ya vuli kulikagua, na katikati kila likizima. Analiegemezea sikio kama daktari, anatikisa kichwa. "Bibi Probert, hili lilipaswa kuzikwa zamani."

Namwambia, "Hata wewe Dilwyn, na bado tunakulisha."

"Unanilisha nini leo?"

"Kwanza liwake."

Basi linawaka, anakula vikeki vya zabibu moto moto kutoka kwenye bati, ananipa habari za bonde zima, nani amelazwa, nani amehama, binti wa nani ameonekana na nani kwenye mpira. Huyu wa boila jipya alikuja juzi na kioo chake cha kuandikia kwa kidole. Nikamwambia keti mwanangu, chai iko tayari. Akasema, "Asante Bibi, nina nyumba nyingine." Huyo ni mtu wa namna gani, ana nyumba nyingine wakati chai imeshamiminwa?

La nne naliruka kwanza, nitalirudia. Naenda la tano.

La tano, jirani yangu Beti Pugh. Boila langu likifa, Beti alikuwa akipita mlango wa nyuma bila kubisha, chupa ya mpira ya maji moto kwapani, blanketi begani, anapiga kelele, "Eirlys! Bado hujaganda wewe?" Tunafungua mlango wa oveni, tunapeleka miguu karibu, tunaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. La kwake likifa, mimi ndiye naenda. Sasa ana jipya na mimi nina jipya. Yeye ana joto kwake na mimi nina joto kwangu, tunapungiana mikono dirishani kama wafungwa wa heshima.

La sita ni kwa niaba ya wanawake wenzangu, ambao hawajanituma lakini wangenituma wangejua naandika. Tangu migodi ifungwe, Bwana Rhodri, watoto wa bonde hili wameondoka wote. Wako Cardiff, wako Bristol, mmoja yuko Kanada. Sasa nikuulize, ni nini kinachomrudisha kijana nyumbani kwa mama yake? Mapenzi? Mapenzi yapo, hutumwa kwa simu. Supu ya kondoo na vitunguu vya liki? Siku hizi inauzwa dukani kwenye kopo. Kinachomrudisha ni boila bovu. Ceinwen wa karibu na daraja aliwekewa jipya wakati maua ya njano yanachanua, na binti yake hajatia mguu tangu maua hayo. Bibi Howells yeye bado ana lile la kutu, na Jumamosi hupati nafasi ya gari mbele ya nyumba yake kwa wingi wa wana na wakwe. Nyinyi mnakuja na michoro yenu mnatuambia nyumba sasa hazipotezi joto. Ninyi mnapima bomba tu. Njooni mpime na sebule.

Haya, narudi kwenye la nne.

Geraint ndiye mtoto wangu pekee. Yuko Cardiff, anafanya kazi ya kukaa. Boila la zamani lilikuwa likipoteza presha kila wiki, na rejeta za juu zikijaa hewa, kwa hiyo kila Jumapili alikuja. Kwenye msumari karibu na mlango ulining'inia ule ufunguo mdogo wa shaba wa kutolea hewa. Anaingia, anachukua ufunguo kabla hajanibusu, anapita rejeta moja moja, zinapiga mluzi, ananiita kutoka juu, "Mama, hii ya chumbani kwangu imejaa hewa kuliko mhubiri!" Namjibu, "Nyamaza, yuko hapa anakunywa chai," hata kama hayupo. Kisha anapiga magoti jikoni, anafungua kile kibomba cha chini, anatazama mshale wa presha unavyopanda. Mimi nasimama nyuma yake na kitambaa. Sifanyi kitu. Nashika kitambaa tu. Halafu tunakula.

Mafundi wenu wameweka vidude vinavyotoa hewa vyenyewe. Na kwenye korido, juu ya kile kirafu cha funguo, wamebandika kidude cheupe kinachopima joto la nyumba, kuliambia boila liwake au lipoe, na kumpelekea Geraint vipimo kwenye simu yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekiomba, ili asiwe na wasiwasi juu yangu. Amefanikiwa. Hana.

Wiki iliyopita alinipigia akiwa kazini. "Mama, naona nyumba imeshuka mpaka kumi na sita. Nimekupandishia."

"Umenipandishia ukiwa wapi?"

"Hapa hapa mezani."

"Basi nishushe, uje unipandishie kwa mkono."

Akacheka. "Jumapili hii nimebanwa, Mama. Lakini usijali, nakuona."

"Unaona nini?"

"Nyuzijoto."

"Mimi si nyuzijoto, mwanangu."

 Akasema amependa nilivyosema, ana mkutano, atanipigia. Rejeta zikaanza kupata moto. Nikakaa pale nikipashwa joto na mtoto wangu kutoka Cardiff, na sikujua niseme asante kwa nani. Ufunguo bado uko kwenye msumari. Naufuta vumbi Ijumaa pamoja na vikombe.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya, na nadhani utaona ni ya mtu mwenye akili timamu.

Kwanza, nirudishiwe boila langu. Likiwa limeshatupwa, nipewe jingine lenye ugonjwa kama huo au uliozidi. Silazimishi rangi.

Pili, ikiwa sheria haziruhusu boila bovu, basi hili jipya lifundishwe kuharibika Jumamosi jioni na kupona Jumapili baada ya keki. Kama linaweza kuongea na simu ya Cardiff, hilo haliwezi kulishinda.

Tatu, ofisi ipitishe kanuni kwamba hakuna mtu atakayepandisha joto la nyumba ya mama yake bila kwanza kufuta miguu kwenye zulia la mlango wake.

Nne, kanuni hiyo ipelekwe Cardiff, wakubwa waiweke kwa Wales nzima. Kila nyumba yenye mama anayekaa peke yake ipewe hitilafu moja ya uhakika, ikaguliwe kila mwaka, na mama atakayekutwa mfumo wake unafanya kazi vizuri apewe msaada wa haraka. Wizara ya Afya ishirikishwe. Dilwyn Bomba anaweza kuwa mkaguzi mkuu, maana sasa hana kazi na mkewe amechoka kumwona nyumbani.

Tano, kidude cha korido king'olewe wiki hii hii. Hili silijadili.

Nimalizie hapa, karatasi inaniishia. Nisalimie mama yako na goti lake, mwambie asipande ngazi za kanisa mvua hii. Wasalimie wasichana wa dirisha la mbele, hasa yule anayeniita "mpenzi" kabla ya kuniambia nisubiri. Beti anawasalimu wote. Siani pia, ingawa bado ana kinyongo.

Ni mimi, mpangaji wenu mwenye joto na asiye na raha,

Eirlys Probert

N.B. Barua ilikuwa bado haijapata stempu, kwa hiyo naongeza jambo la leo.

Mchana nilitoa mfuko wa njegere kwenye friza, nimpikie Beti tonge za ini kwa njegere. Mara Beti mwenyewe akaniita mlango wa nyuma, nikauweka mfuko kwenye kile kirafu cha korido, chini kabisa ya kidude, ukakiegemea. Beti unamjua, akianza haachi. Tukahamia sebuleni. Baadaye tukaona tunajipepea na vitabu vya nyimbo. Boila lilikuwa likichoma kwa nguvu zake zote, rejeta hazishikiki, Beti ametupa koti, soksi na kofia. Nilipoukuta mfuko nikaelewa: kidude kilidhani nyumba nzima imeganda. Njegere nikazitia sufuriani.

Nimefunika tu, mlango wa mbele ukafunguka kwa kishindo. Geraint. Tai imepinda shingoni, uso kama chokaa.

"Mama! Mama, uko wapi?"

"Niko jikoni. Futa miguu!"

"Simu inasema nyumba ina nyuzi mbili! Nimekupigia mara ngapi, hupokei!"

Simu yangu ilikuwa chini ya Beti. Nikamwambia, "Simu inasema nyuzi mbili. Jasho langu linasemaje?"

Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akakaa kwenye ngazi akajiziba uso. Sikutazama kama anacheka au vipi. Beti alitazama, lakini amekataa kuniambia. Kisha akala sahani mbili.

Sasa yuko koridoni, amechutama, anakitazama kidude. Amesema kina hitilafu asiyoielewa, kwamba mtu hawezi kukiamini kwa mbali, na atakuwa akija kila Jumapili kukikagua mwenyewe mpaka ajue. Krismasi ameshasema atalala hapa.

Kwa hiyo Bwana Rhodri, hayo niliyoyaandika juu yote yafute. Boila ni zuri sana. Kidude kisiguswe na mtu. Fundi wa umeme msimtume, nakuomba kwa heshima ya bibi yako.

Nitumieni seremala tu. Kile kirafu ni chembamba, mfuko unateleza.